Jani Mbele ya Sikio

Jumapili ya mavuno, kwaya ya akina mama ilipomaliza kuimba, Mzee Elinami Kweka alisimama kanisani akasema kwamba alihamisha mpaka wa jirani yake, na Sikio likamsikia.

Hakuna aliyemlazimisha. Alisimama kwa furaha. Mjukuu wake alikuwa amebatizwa asubuhi ileile, wimbo ulikuwa wa enzi za ujana wake, na mzee akajisahau. Akafanya kama walivyofanya zamani, ambapo mtu aliyeguswa alisimama palepale alipo akatoa ushuhuda.

"Bwana asifiwe," alisema. "Nina jambo. Wiki ile ya msiba wa mume wa Bibi Haikaeli Mmari, watu wote wakiwa kwenye matanga, mimi niling'oa masale ya mpaka nikayapanda upya ndani ya kihamba chake. Hatua nne. Ni miaka thelathini nakula ndizi za hatua nne hizo. Nimechoka nazo. Haikaeli, nisamehe."

Zamani kanisa zima lingeitikia, mtu angeanzisha wimbo, na wenye machozi wangelia. Safari hii hakuna aliyepumua. Kwenye nguzo ya kulia, juu kidogo ya kichwa cha mtu mrefu, taa ya Sikio iliacha kuwa ya kijani ikawa ya njano.

"Yesu wangu," mama mmoja alisema. "Kaa chini, mbe! Kaa chini!"

Mzee Elinami alitazama nguzo. Akaonekana kama mtu aliyetoka nje bila suruali. Akakaa.

Mchungaji Ndeninsia Ulomi alikuwa mimbarini, mkono umeshika Biblia aliyokuwa hajaifungua. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na ushei, mpana wa mabega, mwenye sauti iliyofika barabarani bila kipaza sauti. Siku hiyo sauti ilimwisha. Akasema tu, "Tuimbe," bila kutaja wimbo gani, na watu wakaanzisha nyimbo mbili kwa mpigo.

*

Sikio lilikuwa kitu kidogo, duara la chuma lenye upana wa sahani ya chai, limepakwa rangi ya nguzo ili lisichukize macho. Kila nyumba ya ibada nchini ilikuwa nalo.

Lilikuja baada ya Miaka ya Vivuli. Katika miaka ile mashine zilijifunza kutengeneza uso wa mtu yeyote, sauti yake, hata namna yake ya kukohoa. Mtu aliamka akakuta ameuza shamba kwa sauti yake mwenyewe, na video ipo, anacheka na mnunuzi. Marehemu waliandikisha ndoa. Mbunge mmoja alijiuzulu mara tatu bila yeye kujua. Mahakama zikafika mahali haziwezi kuamini karatasi, picha wala simu, na mashauri yakalundikana mpaka watu wakaanza kumalizana kwa mapanga.

Ndipo Bunge likatafuta mahali ambapo mtu bado husimama kwa miguu yake mwenyewe, mbele ya watu wanaomjua mama yake. Likakuta ni makanisani na misikitini. Sheria ikasema: neno lililotamkwa katika nyumba ya ibada, mbele ya waumini wenye pumzi, ndilo litakaloaminika. Sikio lilihisi mitetemo ya mioyo kupitia sakafu, likapima pumzi, likahakikisha kwamba hakuna kivuli kilichopenyezwa. Halikujua nani mkweli na nani mwongo. Lilishuhudia kitu kimoja tu, kwamba aliyesema ni yeye mwenyewe.

Maaskofu walibishana mwaka mzima kabla ya kukubali. Ndeninsia alikuwa miongoni mwa waliokubali tangu mwanzo, tena kwa mikono miwili. Alikuwa amezika wanawake wawili waliokufa wakisubiri hukumu za mashamba yao. Sikio lilipowekwa kanisani kwake Lasoi, kesi ambayo ingewazeesha watu mahakamani iliisha kabla ya chakula cha mchana: pande zote zinasimama, zinaapa, majirani wanasema wanachokijua, wazee wa kanisa wanaamua, mchungaji anatangaza, Sikio linapeleka. Usharika wa Lasoi ulipewa muhuri wa dola. Ulifungisha ndoa, ulithibitisha wosia, uligawa vihamba, yale mashamba ya ukoo ya migomba na kahawa. Wakuu wa wilaya walipanda mlimani kumsalimu mchungaji. Hilo nalo halikumchukiza.

Kitu kimoja kilikufa na hakuna aliyekifanyia msiba. Ushuhuda. Nani asimame aseme aliiba, wakati serikali imekaa nguzoni? Watu walianza kukiri mambo madogo, kwamba wamekuwa na hasira, kwamba wamechelewa ibada. Kisha hata hayo wakaacha. Wimbo wa pili ukafuatwa na wimbo wa tatu, na ibada ikawa fupi.

*

Jumatatu asubuhi Bwana Sabasi Mtenga wa Ofisi ya Viapo alifika kwa pikipiki ya umeme, akaiegesha chini ya mparachichi, akafuta matope kwenye viatu kabla ya kubisha hodi. Alikuwa mtu mpole, mwenye kitambi kidogo na tabia ya kuomba radhi kwa vitu ambavyo si kosa lake.

"Samahani sana, Mchungaji. Ningependa ningekuja kwa ajili ya kahawa tu."

"Kahawa ipo. Kaa."

Alikaa. Akanywa kikombe cha kwanza. Alipoongezewa cha pili alisema, "Sisi Wakatoliki tuliliona hili mapema. Ungamo letu tunanong'ona ndani ya kabati, na maaskofu wetu waliomba Sikio lisifike kule. Ninyi mlitaka kila kitu hadharani."

"Tulizoea hivyo kabla babu yako hajazaliwa."

"Najua. Bibi yangu alikuwa wa kwenu. Alikiri mpaka ndoto." Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Sasa, Mchungaji. Kuhamisha mpaka ni kosa chini ya Sheria ya Viapo, na mzee amekiri kwa mdomo wake. Kilichobaki ni wewe kutangaza. Jumapili ijayo, mbele ya Sikio: neno la Elinami Kweka limeanguka."

Ndeninsia alijua maana yake. Mtu aliyeangushiwa neno hakufungwa jela. Aliachwa nyumbani, ila neno lake halikufungua kitu chochote. Alipoomba dawa zahanati, dirisha halikumwitikia. Alipopeleka kahawa yake kiwandani, mzani haukumjibu. Hakuweza kuuza, kununua, kurithisha wala kupiga kura, mpaka mwingine aseme kwa niaba yake. Na Mzee Elinami alikuwa mjane. Alikuwa na kisanduku cha moyo kifuani, kilichohitaji kuchajiwa zahanati kila mwezi, na zahanati ilifunguka kwa sauti ya mgonjwa.

"Na nisipotangaza?"

"Muhuri unaondoka. Sikio nalibeba mwenyewe. Na ungamo la mzee linakufa, maana kisheria ungamo lisilotangazwa na kiongozi wa nyumba ya ibada si kitu. Ila angalia, Mchungaji." Aliinua kidole kimoja, akaonekana kuona aibu kwa kidole hicho. "Bibi mwenye shamba akisema lolote kuhusu jambo hili mbele ya Sikio, hata akisema amesamehe, hilo ni uthibitisho wa mwenye mali. Hapo kesi inaenda mbele bila wewe. Akinyamaza, inakufa."

"Haikaeli? Anyamaze?" Ndeninsia alisema. "Umeshakutana naye?"

"Na jambo la mwisho. Mpaka hili lifungwe, Sikio la hapa halipokei shauri lingine, na la usharika mwingine halipokei mashauri ya hapa. Likiwa njano, limefunga."

Ndeninsia aliweka kikombe chini polepole. Jumapili ijayo ilikuwa siku ya kesi ya Mkunde.

*

Mkunde Massawe alikuwa na miaka ishirini na sita. Mume wake alikuwa amekufa kwa kuanguka na lori la mbao, na shemeji zake walikuwa wamekwisha kuhamia kwenye kihamba, wakakata kahawa aliyoipanda kwa mikono yake ili kesi ikifika wakute hakuna alama yake. Majirani walikuwa tayari kuapa upande wake. Wazee wa kanisa walikuwa tayari kuamua. Shemeji wenyewe walikuwa wameanza kufungasha, kwa sababu walijua Lasoi hawakuwa na hoja.

Ndeninsia alimkuta akifua nyuma ya nyumba ya kaka yake. Alimweleza yote kama yalivyo, kwa sababu hakuwa na namna nyingine ya kuongea.

"Kwa hiyo ukimwangusha mzee, nasikilizwa," Mkunde alisema.

"Ndiyo."

"Usipomwangusha, naenda Moshi mahakamani."

"Ndiyo. Na huko unajua inachukua muda gani."

Mkunde alikamua shuka mpaka maji yakaisha, akaendelea kukamua. "Mchungaji, Mzee Elinami namheshimu. Alinibeba mgongoni nilipokuwa mdogo, mfongo wa maji ya shambani ulipofurika. Lakini aliiba shamba la mjane. Mimi ni mjane. Usije hapa ukitaka nikwambie haina neno. Ina neno. Mimi nataka shamba langu."

"Sikuja kutaka hivyo."

"Ulikuja kutaka nini basi?"

Ndeninsia alifikiri. "Nimekuja ili usisikie kwa mtu mwingine."

"Haya, nimesikia," Mkunde alisema, akatundika shuka kati yao.

*

Baraza la wazee lilikaa Jumatano. Mwenyekiti wake alikuwa Aminieli Munuo, mtu mrefu aliyeendesha mnada wa sadaka kila Jumapili kwa miaka mingi, akiuza kuku, mayai na mikungu ya ndizi za washarika kwa utani mpaka watu wakalipa mara mbili ya bei ya sokoni na kuondoka wakicheka. Siku hiyo hakutania.

"Mtangaze, Mchungaji," alisema. "Inauma, lakini mtangaze. Huu muhuri umetupa heshima. Kabla yake tulikuwa watu wa kuomba mvua na kuzika. Leo jirani akipigana na jirani, wanakuja hapa, hawaendi kununua panga. Utaliondoa hilo kwa ajili ya mzee mmoja mwenye hatua nne?"

Alikuwa amesema kweli.

Mlango ulifunguka, Bibi Haikaeli Mmari akaingia bila kuitwa. Alikuwa na miaka themanini na fimbo ambayo hakuihitaji kwa kutembea. Mzee Elinami alikuwa nyuma yake, kofia mkononi.

"Mnajadili shamba langu bila mimi," alisema. "Ndio mtindo wenu. Sogeeni nikae." Akakaa. "Sikilizeni. Nilijua tangu wiki ileile. Mimi naijua migomba yangu kama watoto wangu, nitakosaje kujua minane imevuka mpaka? Nikasema, mwache ale. Siku moja itamkwama kooni. Nimesubiri miaka thelathini aniletee jani la masale, asilete. Kila Krismasi ananiletea nyama ya mbuzi. Nani kamwomba nyama?"

"Nilikuwa naogopa," Mzee Elinami alisema.

"Nyamaza, bado sijamaliza. Mwanangu Ndeni, jambo hili ni rahisi. Jumapili mimi nasimama mbele ya hilo dude lenu, nasema zile hatua nne nilimpa mwenyewe. Zawadi. Mzee amechanganyikiwa, ni umri. Taa inarudi kijani, Mkunde anapata shamba lake, Aminieli anabaki na muhuri wake, tunakwenda kwenye mnada."

Ndeninsia aliona nyuso zikianza kulegea, mmoja baada ya mwingine. Yeye mwenyewe alilegea. Sikio halikujua nani mkweli. Lilikuwa limejengwa hivyo. Sentensi moja ya bibi wa miaka themanini, na kila mtu angelala vizuri. Mkunde angeamka kwenye kitanda chake. Alijikuta anapanga ibada kichwani: wimbo, neno la Haikaeli, kesi ya Mkunde, mahubiri mafupi.

"Inawezekana," Aminieli alisema taratibu. "Kisheria inawezekana kabisa."

"Haiwezekani," Mzee Elinami alisema.

Wote wakamgeukia. Alikuwa bado amesimama mlangoni.

"Nimebeba kitu miaka thelathini," alisema. "Jumapili nimekitua. Nimelala usiku ule kama mtoto, hata hilo dude la kifuani halikupiga kelele. Sasa mnataka Haikaeli akiokote akibebe yeye? Mwenye kuibiwa ndiye aape uongo kwa ajili ya mwizi? Niangusheni. Mimi ni mzee, nitanyimwa neno miaka mingapi?"

"Kisanduku chako kitachajiwa na nani?" Haikaeli alimuuliza.

"Sijui."

"Hujui. Mpumbavu wewe." Lakini alisema kwa sauti ya chini, na hakurudia tena habari ya zawadi.

Ndeninsia aliona kwamba njia ilikuwa wazi kabisa dakika chache zilizopita na sasa imefungwa, na aliyeifunga ndiye aliyekuwa akiokolewa nayo. Akaona jambo lingine pia, ambalo halikumfurahisha. Mtu yeyote angeweza kusema uongo mbele ya Sikio. Kilichozuia kilikuwa hofu ya kusema uongo mbele ya majirani na mbele ya Mungu, na hofu hiyo ilikuwepo kabla ya Sikio. Serikali ilikuwa imeazima kitu cha kanisa. Yeye mwenyewe, kwa ajili ya shamba la mjane, alikuwa karibu kukivunja kilichoazimwa.

"Mzee," alisema, "masale bado yapo kwenye mpaka?"

"Yapo. Yale niliyoyahamisha."

"Jumapili njoo na jani moja."

Aminieli aliinuka. "Mchungaji, wamisionari walikataza hayo. Jani ni mambo ya mizimu."

"Jani ni jani, Aminieli. Kwa Mungu ameomba radhi kwa mdomo, na amekwisha kuomba. Kwa Haikaeli ataomba kwa jani."

"Kwa nini asiombe kwa mdomo?"

"Kwa sababu Haikaeli atamjibu," Ndeninsia alisema, "na Haikaeli akijibu, serikali inasikia."

Bibi Haikaeli alikuwa wa kwanza kuelewa. "Yaani ninyamaze? Ibada nzima?"

"Ibada nzima, Bibi."

"Afadhali mniangushe mimi," bibi alisema, na kwa mara ya kwanza wiki ile watu walicheka.

Aminieli hakucheka. Alichukua kofia yake, akapita katikati yao akatoka.

*

Jumapili kanisa lilijaa mpaka nje. Bwana Sabasi alikaa benchi la mbele na begi la vifaa miguuni. Mkunde alikaa upande wa kina mama, karibu na mlango, amevaa vazi alilokuwa ameliandaa kwa ajili ya kesi yake. Taa ya nguzoni ilikuwa ya njano.

Ndeninsia alihubiri kidogo kuliko kawaida. Kisha alishuka mimbarini akasimama mbele ya madhabahu, hakusema kitu. Washarika walikuwa wameshaambiwa, nyumba kwa nyumba, kwa miguu, kwa sababu hakuna aliyethubutu kuliweka jambo lile kwenye simu.

Mzee Elinami alitoka kwenye benchi lake. Mkononi alikuwa na jani moja la masale, refu, la kijani kibichi, amelifunga fundo katikati kama wazee wake walivyolifunga. Kila Mchagga aliyekuwa mle ndani alijua maana yake bila kufundishwa. Anayeletewa jani hilo hana ruhusa ya kukataa. Damu ya mtu ilikuwa ikisamehewa kwalo, sembuse migomba. Na mmea wenyewe ndio uleule unaopandwa mpakani. Alichong'oa ili kuiba, ndicho alichochuma kuomba radhi.

Alitembea polepole. Viatu vyake vilisikika. Alifika mbele ya Bibi Haikaeli, akapiga goti moja, goti likagoma kushuka, mjomba wa mtoto aliyebatizwa akamshika kwapa. Akanyoosha jani kwa mikono miwili.

Bibi Haikaeli alilitazama muda mrefu. Midomo yake ilikuwa ikitetemeka kwa maneno ya miaka thelathini. Watu wa benchi lake walimwona akifumba mdomo kwa kiganja, kama mtu anayezuia chafya. Machozi yalitoka badala ya maneno. Akalipokea jani. Kisha, kwa kuwa lazima afanye kitu, akamgonga mzee kichwani kwa hilo jani, mara moja, taratibu, akaliweka kifuani pake.

Hakuna aliyeimba. Mtu wa kwanza aliinuka, akaenda kumshika mkono Mzee Elinami, akarudi kukaa. Akafuata wa pili. Foleni ikazunguka kanisa. Sikio lilikuwa pale juu, linahesabu mioyo iliyokuwa ikienda mbio, linapima pumzi, na halina cha kuandika.

Mkunde hakuingia kwenye foleni. Alikaa, mikono mapajani, anatazama mbele. Ndeninsia alimwona na hakugeuza macho.

Watu walipokwisha kukaa, Bwana Sabasi alisimama. Sauti yake ilikuwa ya kuomba radhi. "Mchungaji Ndeninsia Ulomi. Kuhusu Elinami Kweka. Unatangaza?"

"Sitangazi," Ndeninsia alisema. Safari hii sauti ilifika barabarani.

Taa ikawa nyekundu. Ikakaa hivyo kwa muda wa kumeza mate. Kisha ikazimika, na kanisa la Lasoi likawa na nguzo nne zinazofanana.

Mtu fulani nyuma alianzisha wimbo.

*

Mnada siku hiyo uliendeshwa na mtu mwingine ambaye hakujua utani, lakini watu walinunua hivyohivyo. Bwana Sabasi alipanda ngazi akafungua skrubu, akalifunga Sikio ndani ya kitambaa, akaliweka begini. Kisha akasimama uwanjani akashindana na kijana mmoja juu ya mkungu wa ndizi mpaka akaupata, akaufunga nyuma ya pikipiki juu ya mali ya serikali.

"Wataniuliza ofisini," alimwambia Ndeninsia. "Nitasema nilisikiliza mwanzo mpaka mwisho na hakuna kilichosemwa."

"Hiyo ni kweli."

"Ndiyo maana nimeifurahia." Akavaa kofia ngumu. "Bibi yangu angewapenda."

Mchana huo kundi zima lilikwenda kwenye kihamba cha Bibi Haikaeli na majembe. Wakang'oa masale, wakayarudisha hatua nne, wakayashindilia udongo kwa visigino. Bibi Haikaeli alikuwa akiongea tangu walipotoka uwanja wa kanisa na hakunyamaza mpaka giza lilipoingia. Alimwamuru Mzee Elinami apande hapa, si hapo, hapa, je, huoni au unataka kuiba tena? Mzee alikuwa amejaa matope mpaka magotini na alikuwa anatabasamu peke yake. Walipomaliza, bibi alimkatia mkungu kutoka kwenye ile migomba minane, akamwambia huo sasa ni zawadi, na akitaka anaweza kwenda kutangaza.

Jumapili iliyofuata, baada ya wimbo wa pili, mwalimu wa shule ya msingi alisimama akasema jambo ambalo mkewe hakulijua. Baada yake akasimama mwingine. Ibada ilichelewa kwisha, na Ndeninsia, akiwa amekaa na njaa yake mimbarini, alikuwa na amani ambayo hakuwa nayo kwa miaka mingi.

Hasara ilikuwa hii. Lasoi haina muhuri. Wanaotaka kuoana wanafunga ndoa kanisani, kisha wanapanda basi kwenda Moshi kuoana tena kwa sheria. Wosia wa wazee hauthibitishwi hapa. Mkuu wa wilaya hapandi tena mlimani. Vijana wawili waligombana juu ya mfongo mwezi uliopita, na kwa kuwa hapakuwa na mahali pa kumalizia siku ileile, mmoja ana kovu. Aminieli ameacha uzee wa kanisa na anasali usharika wa chini, wenye Sikio, na mnada wa Lasoi haujapata tena mtu wa kuwachekesha watu. Kwenye nguzo ya kulia kuna matundu manne ya skrubu.

Na Mkunde. Shemeji zake walifungua mizigo yao jioni ya siku Sikio lilipoondolewa. Kesi yake iko Moshi, na imeahirishwa mara mbili. Anakuja ibadani, anakaa karibu na mlango, na wakati wa kupeana mikono humpa mchungaji mkono bila kumtazama. Ndeninsia humsindikiza mahakamani kila anapoitwa, wanakaa benchi moja, hawaongei.

Mkunde hajapata shamba lake.